Mashua ya Kushona kwa Waya

Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilianza kuwauzia wasomaji wake mashua ndogo ya tanga iliyokuja vipande vipande, kwa pauni 63 na shilingi 11, kila mtu akajiundie mwenyewe nyumbani. Ilipewa jina la gazeti hilo, na tanga lake lilikuwa jekundu. Urefu wake ni mita 3.3 na bodi ina uzito wa kilo 45 hivi. Hadi leo zimeundwa zaidi ya 70,000, nyingi kwa mikono ya watu ambao hawajawahi kuwa mafundi. Sababu inayotajwa kwanza ni plaiwudi na gundi isiyoyeyuka majini, vitu vilivyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Jibu hilo halitoshi. Jack Holt, mmoja wa wabunifu wake wawili, alikwisha kubuni mashua za plaiwudi za kujiundia, Cadet mwaka 1947 na Enterprise mwaka 1956. Mbao na gundi vilikuwapo. Kilichoongezeka ni mshono.

Mpaka hapo muundaji alianza na mifupa: asimamishe mataruma, ayachonge ukingo kwa pembe inayobadilika kila hatua, ndipo apigilie mbao. Pembe hiyo ndiyo iliyowashinda wengi. Barry Bucknell, mbunifu wa pili na mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha Waingereza ufundi wa nyumbani, alitumia njia ambayo Ken Littledyke aliianza kwa kayaki. Unatoboa matundu kwa keekee kando ya kingo za mbao mbili, unapitisha waya wa shaba, unausokota kwa koleo. Kila unapokaza, mbao zinavutana na kujipinda, na umbo la mashua linajitokeza lenyewe, kwa kuwa limeshakatwa ndani ya mbao. Kisha unabandika utepe wa nyuzi za kioo kwa resini juu ya maungio, na waya uliojitokeza nje unakatwa.

Msomaji wa pwani hapaswi kushangaa. Mtepe wa Lamu uliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, ganda kwanza, mataruma baadaye. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unasema bandari ya Rhapta katika pwani yetu ilipata jina kutokana na mashua za kushonwa. Sidai kwamba Littledyke alijifunza kwetu. Tena tofauti ni kubwa: kamba ya mtepe ilibeba mashua maisha yake yote, na kuishona kulihitaji fundi hasa, ilhali waya wa Bucknell hushika tu mpaka resini ikauke. Lakini kanuni ni ile ile, kwamba ubao ukifungwa vizuri kwa mwenzake unaweza kuongoza umbo bila kusubiri mifupa. Wanaouita mshono ufundi wa kale uliopitwa na msumari wanapaswa kuitazama hesabu ya mashua hizo 70,000.

Zipo hoja mbili za kupinga. Ya kwanza ni kwamba gazeti lenye mamilioni ya wasomaji lingeuza chochote. Ni kweli kwamba matangazo yalisaidia sana. Ila Enterprise nayo ilidhaminiwa na gazeti, News Chronicle, na haikufikia idadi hiyo. Ilikuwa kubwa zaidi, nakubali, lakini pia ilidai mifupa. Hoja ya pili ni nzito zaidi: mbao zilikuja zimekwisha kukatwa kiwandani, basi huko ni kuunganisha tu, si kuunda. Anayesema hivyo asimame kando ya bodi iliyoshonwa, resini ikiwa bado haijapakwa. Wakati huo mashua ni laini, inapindika ukiigusa. Muundaji hupima kwa kamba kutoka kona hii hadi ile, halafu kona nyingine mbili, akalinganisha. Hulegeza waya huu, hukaza ule, huinama nyuma na kutazama kama upande mmoja umepanda. Kiwanda hakiwezi kumfanyia kazi hiyo. Akipaka resini mashua ikiwa imepinda, itabaki imepinda, na kila akishika usukani itamvuta upande mmoja.