Karatasi ya mizigo, toka Ilebo mpaka Kasumbalesa

Bandugu, kijana wa Makomeno aliyemaliza informatiki anasikia kila siku neno "integrasio": kufanya programu za kompyuta zisikilizane. Wengi wanazani ni kintu kilichokuja na intaneti. Hapana. Katanga iko na hiyo shida tangu reli ya kwanza.

Tuanze 1910. Mwaka ule reli ilifika Elisabethville ikitokea kusini, Rhodesia, na shaba ikashuka kwa njia ya Waingereza mpaka Beira. Wabeleji hawakupenda mali yao ipite kwa jirani. Njo maana BCK, kampuni iliyoundwa 1906, ilijenga reli toka Bukama mpaka Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikamalizika 1928. Basi mzigo ukaweza kupita "voie nationale": reli mpaka Ilebo, maboti kwenye Kasai na mto Congo mpaka Léopoldville, halafu reli tena mpaka Matadi. Batu wakisimulia njia ile wanahesabu kilometa. Mimi nahesabu mara ambazo mzigo ulishushwa na kupakiwa upya. Kila mara kulihitajika karani wa kusoma karatasi ya upande mumoja, kuilinganisha na mzigo wenyewe, na kuandika yote kwenye kitabu cha upande wa pili.

Yule karani njo alikuwa "mapping". Na kazi yake haikuwa kunakili tu. Tani ya metriki ni kilo 1000. Tani kubwa ya Kiingereza ni karibu kilo 1016. Tuseme tani 100 za metriki zinaingia kwenye kitabu cha Kiingereza: zinapaswa kuandikwa 98.4. Mutu asiyejua kama kipimo kimebadilika atasema tani moja na nusu imeibiwa, na fundi wa kupakia atalala jela bure. Mzigo ni uleule, kipimo kimebadilika.

Lakini mufano bora zaidi uko mu kinywa chetu. Union Minière ilileta bafanyakazi toka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi. Chukua luga sita tu: ukitaka kila moja itafsiriwe moja kwa moja na kila ingine, unahitaji jozi 15 za watafsiri. Ukiweka luga moja ya katikati, unahitaji sita. Luga ya katikati ikawa Kiswahili. Bahandisi wa programu wanafanya vile vile: wanachagua muundo mumoja wa katikati, kila programu inajifunza kutafsiri kwenda na kurudi kwake tu. (Nani alisema Kiswahili chetu cha Lubumbashi ni kibovu? Kimebeba kampuni nzima.)

Dunia ilichelewa kufanya hivyo kwa karatasi za duane. 1987 muundo wa EDIFACT wa Umoja wa Mataifa ukakubaliwa kuwa kipimo cha ISO. Ndani yake ujumbe unaoitwa CUSDEC unabeba deklarasio, na CUSRES unarudisha jibu la duane. 1988 ikaanza orodha ya kimataifa ya bidhaa, yenye kodi za tarakimu sita: shaba ya katodi ni 7403.11, mawe ya shaba ni 2603.00, mawe ya kobalti ni 2605.00. Halafu kuna Sydonia, programu ya duane iliyotengenezwa na CNUCED kule Genève tangu miaka ya 1980. Kwetu, OFIDA ikawa DGDA 2009, na Sydonia World ikaingia. Zambia nayo inaitumia. Lakini kuwa na programu ileile pande mbili za Kasumbalesa si kusema zinaongea: kila moja iko na sheria yake, luga yake, na jedwali lake la kugeuza.

Lile jedwali njo mahali pa kuchungua. Laini moja ya deklarasio inapokea kodi moja. Sasa mawe yanayotoka kwetu yanaweza kuwa na shaba na kobalti pamoja. Ukiandika 2603.00, kobalti iko ndani ya gunia lakini haiko tena kwenye kodi. Hidroksidi ya kobalti je? Kwa jina la kemia unaipeleka 2822.00, kwa kazi yake kiwandani, kama kintu cha katikati kabla ya metali, mutu mwingine ataipeleka 8105.20. Nchi moja ikichagua hii na jirani ile, hesabu zao hazitakutana hata siku moja, na hakuna aliyedanganya.

Tangu 2018 kobalti ni madini ya kimkakati: redevance yake ni 10%, ya shaba ni 3.5%. Katika redevance, 25% ni ya provensi na 15% ni ya komini ao sheferi ya pale madini yanachimbwa. Kama programu ya kuhesabu inachukua kodi peke yake na kuacha uchambuzi wa laboratwari, kobalti itapita kwa bei ya shaba, ao itapita bure. Dawa yake si ya ajabu: ujumbe uwe na nafasi ya kiasi cha kila metali, na ukifika bila nafasi ile kujazwa, mashine iukatae na kuurudisha kwa aliyeutuma, pamoja na sababu. Karani wa Ilebo alikuwa na haki ile ya kukataa karatasi isiyolingana na mzigo. Mu jedwali ya leo, kama nafasi tupu inajazwa sifuri, kamio inaendelea.