Santuri, Redio na Sabufa: Habari za Kusikiliza Muziki Nyumbani Mikese

Mtu anayetaka kununua chombo cha kusikilizia muziki nyumbani kwake aghalabu huuliza mambo mawili: sauti yake i namna gani, na bei yake ni kiasi gani. Maswali haya ni ya haki, wala sina nia ya kuyadharau. Lakini historia ya vyombo hivi katika nchi yetu yatufundisha maswali mengine mawili, ambayo muuza duka hayataji kwa kuwa si kazi yake kuyataja. Katika nyumba yenye chombo hiki, ni nani atakayechagua wimbo? Na wimbo wenyewe, ukisha kulia, utakaa wapi?

Nataka kuyajibu maswali hayo kwa kufuata habari za mahali pamoja, yaani Mikese, penye stesheni ya Reli ya Kati, mwendo wa kilomita zipatazo 30 mashariki ya mji wa Morogoro. Nimepachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa watu wa upande wa mama yangu ni wa huko, na sehemu kubwa ya utoto wangu ilipita huko. Ya pili ni kuwa Mikese ni jirani wa mji uliolea bendi mbili mashuhuri katika muziki wa dansi wa Tanzania. Kwa hiyo ni mahali pafaapo kupimia safari ya wimbo, kutoka kinywani mwa mwimbaji mpaka sikioni mwa jirani yake.

Zamani nyumba iliyotaka muziki ilimwita mpiga muziki, au watu wake waliimba wenyewe. Santuri ndiyo iliyobadili desturi hiyo. Sahani yake bapa ilibuniwa na Emile Berliner huko Marekani mwaka 1887, lakini kwa wasemao Kiswahili mwaka wa kukumbukwa ni 1928, Siti binti Saad wa Unguja alipovuka bahari kwenda Bombay kuimba mbele ya mashine ya kunasa sauti. Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika wasifu wake, alijua kuwa sauti ile ilikuwa imefika mahali ambapo miguu ya mwimbaji haikufika. Mtu wa bara ambaye hakupata kuiona Unguja aliweza kumsikia Siti barazani pake.

Chombo chenyewe kilifaa mahali kama Mikese, maana hakikuhitaji umeme. Kilizungushwa kwa mkono mpaka utepe wa chuma uliomo ndani ukajikaza, kisha utepe ule ulipojilegeza uliiendesha sahani mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ya kawaida ulichukua dakika tatu hivi. Sindano ilikuwa ya chuma, nayo ilipasa kubadilishwa mara kwa mara, la sivyo iliikwangua sahani. Ndugu wa bibi yangu mzaa mama, ambaye kwetu ni babu, alikuwa na santuri ya namna hiyo, aliyoinunua kwa ujira wa kazi ya mkonge huko Pangawe. Naambiwa kuwa hapana mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa sindano. Wageni waliketi, babu akachagua, na wimbo uliposhindikana kumfurahisha mgeni, mgeni alinyamaza. Sahani zilikaa katika sanduku la mbao, kila moja ndani ya karatasi yake, na juu ya kila moja palikuwa na kibandiko chenye jina la wimbo na jina la mwimbaji. Basi katika siku za santuri majibu ya maswali yetu yalikuwa rahisi. Aliyechagua ni mwenye chombo. Wimbo ulikaa sandukuni, ndani ya nyumba.

Sahani hizo zilifanya kazi moja zaidi, ya kuwafundisha vijana muziki wa mbali. Kuanzia mwaka 1933 ziliuzwa katika Afrika sahani za muziki wa Kuba zilizotambulikana kwa herufi GV, nazo zilipendwa mno. Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa miongoni mwa waliotekwa na mapigo yale, na bendi aliyoiongoza mjini Morogoro ikaitwa Cuban Marimba. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Nyimbo zake zilitoka katika sahani zenye chapa ya Mzuri, za wafanya biashara wa Mombasa. Tazama, basi, njia iliyozunguka: wimbo uliotungwa Morogoro ulitolewa na mfanya biashara wa Mombasa, ndipo ukarudi Mikese, mahali ambapo mtu mwenye baiskeli nzuri angaliondoka asubuhi akamsikia mwimbaji mwenyewe jioni.

Kisha ilikuja redio. Redio za kwanza zilikuwa ghali na zilitaka betri nzito. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri kwa paundi tano, umbo lake kama sufuria, iliyokusudiwa msikilizaji Mwafrika wa kipato kidogo. Hapa kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalitwaa, ikaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika muda huo huo transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, iliondoa haja ya betri nzito. Redio ikawa kitu cha kubebwa kwapani mpaka shambani. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Wajapani, Matsushita, kilianzishwa Dar es Salaam, na jina la National likawa jina la nyumbani, juu ya redio na juu ya mawe yake pia.

Redio ilikuwa na ukarimu ambao santuri haikuwa nao. Mwenye santuri alikuwa mmoja, lakini sauti ya redio haikupungua kwa kusikiwa na jirani. Wazee wa Mikese husimulia jinsi watu walivyokusanyika mbele ya nyumba moja kungoja nyimbo na salamu, na jinsi mawe yaliyochoka yalivyoanikwa juani ili yatoe nguvu ya siku moja zaidi. Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na masharti. Mwenye nyumba alimiliki chombo bila kumiliki uchaguzi. Mchaguzi alikuwa mtangazaji aliyeketi Dar es Salaam, na msikilizaji aliweza kumwomba kwa barua tu. Wala wimbo haukukaa nyumbani. Ulipita kama treni ya abiria: aliyechelewa hakuuona.

Tena Redio Tanzania haikupiga nyimbo tu, bali ilizinasa katika studio yake na kuzihifadhi katika kanda zake. Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaunda Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali ya gari katika pwani ya Kenya mwezi wa Januari 1979. Sehemu kubwa ya urithi wa Morogoro, basi, iliwekwa Dar es Salaam, na sehemu nyingine ikabaki katika sahani zilizotolewa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe mpaka mwaka 1983, hata sahani hizo zikawa haba. Hapo ndipo ilipodhihiri hasara ya kuweka wimbo mahali ambapo mwenyewe hana ufunguo.

Dawa ya hasara hiyo ilikuwa kaseti. Kampuni ya Philips iliionyesha mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 ilienea kwetu mpaka vijijini. Fadhila yake kubwa haikuwa sauti, maana sauti yake ilikuwa na mchakacho na utepe wake uliliwa na mashine. Fadhila yake ni kuwa ilikuwa na sikio. Santuri ilisema tu, na redio ilisema tu. Redio ya kaseti ilisema na kusikia. Mtu aliweza kuunasa wimbo upitao redioni, au kupeleka kaseti tupu na orodha yake kwenye duka la mjini akarekodiwa atakacho. Zaidi ya hayo, aliweza kunasa sauti za watu wa nyumbani mwake, ambazo hapana kampuni iliyozitaka.

Hapa sina budi kueleza jambo langu mwenyewe. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo sanduku la sahani la babu halikwenda kwa wanawe, bali kwa mpwa wake, yaani mjomba wangu. Mjomba alikuwa na redio ya kaseti. Jioni moja alimketisha bibi yangu mbele yake, akamrekodi akiimba kwa Kiluguru nyimbo za kutwangia na nyimbo za kubembelezea watoto, pande zote mbili za kaseti. Bibi akafariki mwaka 1990. Mwaka 1993, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilisikia redioni wimbo nilioupenda, nikaitwaa kaseti ya kwanza iliyonijia mkononi, nikabonyeza kitufe. Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vikivunjwa, mashine haiwezi kufuta kilichomo. Hapana aliyekuwa amevivunja. Mjomba hakunipiga. Aliniuliza tu kama upande wa pili nao nilikuwa nimeurekodia. Nilikuwa nimeurekodia wiki iliyotangulia.

Nimelieleza jambo hili kwa sababu laonyesha hatari iliyo upande wa pili wa fadhila ile. Kaseti ilimpa mwenye nyumba uchaguzi na hifadhi kwa pamoja, na mtu mwenye uwezo wa kuhifadhi ana uwezo wa kupoteza.

Sasa twafika katika zama zetu. Redio za watu binafsi zilianza kusikika katika miaka ya 1990. Zikafuata CD, kisha simu na kadi zake ndogo. Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam na kuipa intaneti njia pana. Mwezi wa Februari 2021 Spotify ilifungua huduma yake Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda. Leo kijana wa Mikese aliyeketi kando ya barabara kuu, akiwa na simu na bando, aweza kumsikia Salum Abdallah wakati wowote apendao. Hilo ni jambo jema, nami sitaki kuonekana mzee anayelilia giza la zamani.

Lakini tuyaulize maswali yetu. Nani huchagua? Kila mtu kwa sikio lake, na mara nyingi kwa vidude viwili masikioni. Hata hivyo, wimbo mmoja ukiisha, ufuatao huletwa na hesabu za kampuni, ambazo msikilizaji hazioni. Mtangazaji wa zamani alijulikana kwa jina na aliandikiwa barua. Huyu wa leo haandikiki. Wimbo hukaa wapi? Katika mashine za mbali. Twaupangisha kwa mwezi au kwa bando, na mkataba baina ya kampuni na mwenye haki ukivunjika, wimbo hutoweka bila kumuaga mtu. Na yule aliyetunga, na yule aliyepiga gitaa, mara nyingi hawatajwi.

Kwa mwanafunzi anayetaka kununua chombo leo, historia hii ina mashauri. Ajue kwanza anachokwenda kusikiliza. Wimbo ukitiririshwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa. Kwa kilobiti 96 hula megabaiti 43 tu. Katika muziki mpya, wenye vyombo vingi, sikio makini huweza kuitambua tofauti. Katika sahani ya zamani tofauti ni ndogo, maana kile ambacho mashine haikukinasa siku ile, hapana chombo cha leo kitakachokirudisha. Kadhalika sabufa, ambayo siku hizi ni fahari ya sebule zetu, hutukuza sauti nzito. Lakini roho ya nyimbo zile imo katika sauti ya mwimbaji na gitaa, ambazo hukaa katikati. Spika moja ya kadiri, isemayo waziwazi, itawatendea haki kuliko ngurumo. Mwisho, anunue chombo kinachokubali kitu kilichohifadhiwa nyumbani, kwa waya au kwa flashi, wala si kile kinachosema tu pale mtandao unaposema.

Na kabla ya kununua, aitazame simu yake. Chombo hicho kina sikio, kama kaseti ilivyokuwa nalo, tena sikio bora. Mjomba wangu amekwisha fariki, na sanduku la sahani liko kwangu, kwa kuwa mimi ni mpwa wake. Nyimbo nyingi zilizomo nimezikuta mtandaoni, zikisikika safi kuliko sahani zenyewe. Mbali na sahani hizo, sandukuni imo kaseti moja. Nimevivunja vijino vyake, ingawa ndani yake hamna tena ila wimbo wa redioni, na mwishoni kabisa mwa upande wa pili, pale utepe wangu wa utotoni ulipokoma mapema, sekunde chache za mwanamke anayekohoa na kuuliza kama mashine imekwisha.