Busha na kesi ya madafu

Wadau, mtoto wa kiume wa pwani, kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo, huonywa mapema: usizidishe madafu, utapata busha. Nami niliamini.

Tusiwacheke wazee. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa Amoy, China, aligundua kwamba mbu anapomnyonya mgonjwa hufyonza vijinyoo vya matende na mabusha. Lakini hata yeye alidhani watu huambukizwa kwa kunywa maji waliyofia mbu hao! Ni mwaka 1900 ndipo George Carmichael Low alipowaona minyoo kwenye mdomo wa mbu. Kumbe tunaumwa, hatunywi. Minazi na mbu wanakaa pwani moja, kesi akabambikwa dafu.

Mwaka 2000 serikali ilianza kugawa dawa za kumeza, ikianzia Mafia. Dawa hizo huua vijinyoo vilivyo kwenye damu na kukata maambukizi. Busha lililokwisha jaa maji linataka upasuaji.

Kinachotumaliza ni aibu. Mtu anaficha mzigo ndani ya msuli miaka na miaka, huku ndoa na kazi vinayumba.

Ndugu yangu, ukioga jipapase. Uvimbe wowote, hata usiouma, muone daktari: huenda ni busha, ngiri au hata saratani. Maumivu makali ya ghafla, kimbia usiku huo huo. Korodani iliyojisokota huokolewa zaidi ndani ya saa 6.

Madafu endeleeni kunywa.