Hamed bin Muhammad el Murjebi na Sura Alizojitengenezea

Wanaofundisha leo namna ya mtu kujijengea jina mbele ya halaiki huzungumza kana kwamba jambo hilo limezuka jana pamoja na simu za mkononi, na kana kwamba lote ni suala la ustadi wa mavazi, maneno na picha. Nadai kwamba liko swali zito kuliko hilo: sura hiyo inatengenezwa kwa ajili ya macho ya nani? Katika tarikhi ya pwani yetu simjui mtu anayetupa fursa bora ya kulichunguza swali hili kuliko Hamed bin Muhammad el Murjebi, tajiri wa pembe wa Unguja aliyefariki mwaka 1905, kwa kuwa aliishi kwa kujionyesha, kisha akaandika mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, jinsi alivyojionyesha.

Katika safari zake za bara, alipokuwa akiielekea nchi ya Utetera, mashariki ya Kongo, alipata habari ya wanawake wa ukoo wa kitawala waliotekwa zamani wasionekane tena; basi akajitangaza kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao, na mtawala mzee, Kasongo Rushie, kwa furaha ya kurudishiwa damu yake, akamkabidhi nchi. Hila yenyewe hainishangazi sana, maana wafanyabiashara wa bara waliishi kwa hila. Kinachonishangaza ni utulivu wa kalamu yake anapoisimulia, kwani hatubu, hajitetei, wala hafichi. Nadhani sababu ni kwamba msomaji aliyemkusudia alikuwa mtu wa mjini, ambaye angeihesabu hila ile kuwa akili, na watu wa Utetera hawakuwamo kabisa katika hesabu ya wasomaji wake.

Kwa Wazungu alikuwa na sura nyingine. Msafiri Stanley, aliyekutana naye Manyema mwaka 1876, alimwandika kuwa muungwana kamili: mavazi meupe yasiyo na doa, tarbushi mpya, jambia lililonakshiwa kwa fedha. Anayezijua njia za bara, vumbi lake na matope yake, atafahamu kwamba weupe ule haukuja kwa bahati. Sharti palikuwapo mtu wa kuzifua nguo zile na mwingine wa kulibeba sanduku lake kichwani, na hao wawili hawamo katika picha. Sura ile ilizaa faida: mwaka 1887 Stanley huyo huyo alifanya naye mkataba, akawa liwali wa dola ya Mfalme Leopold huko Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.

Kwa wafanyabiashara wenzake pia alikuwa na sura. Katika kitabu cha el Murjebi, frasila za pembe na mali aliyokopeshwa na mfanyabiashara Taria Topan zinatajwa kwa uangalifu wa mtu ajuaye kwamba uaminifu wa mfanyabiashara ndio rasilimali yake, ilhali wale waliozichukua pembe hizo mabegani hadi pwani hupita kama vivuli.

Hawa wasiokusudiwa, ambao hawakuwa na mkopo wa kumpa, wala cheo, wala sifa, walimtazama vilevile. Wako Wazungu walioandika kuwa Tippu Tip, jina lake la utani, lilitokana na kupepesa macho kwake. Mwenyewe asema lilitokana na mlio wa bunduki zake, nao waliompa ni watu waliokuwa wakizikimbia. Akalipokea, akaliandika kitabuni kana kwamba ni nishani. Hapo ndipo ninapoona upungufu wa ustadi wake wote: aliwaza watu wa kumpa jaha tu, hata asitambue kwamba jina lile lilikuwa ushahidi dhidi yake, uliotolewa na watu ambao hakuwahi kujipamba kwa ajili yao, nao ndio waliomtajia jina ambalo dunia ilikuja kumjua kwalo. Basi mwanafunzi wa tarikhi anayetaka kumpima el Murjebi kwa insafu asiishie katika kitabu chake, kizuri kama kilivyo. Itampasa ayatafute masimulizi ya Manyema na Utetera, ayaweke kando ya kitabu hicho, kisha avisome vyote pamoja.