Mawe Madogo ya Figo: Dawa za Ayurveda Hufanya Nini Haswa?

Kama umewahi shikwa na mawe ya figo, hiyo siku huwezi sahau. Uchungu unaanzia mgongoni chini ya mbavu, unashuka hadi kinenani, na hakuna vile utalala upate nafuu. Sasa unapigwa picha, daktari anasema jiwe ni milimita nne, rudi keja ukunywe maji ungoje litoke. Hapo ndio msee mmoja atakushow kuna dawa ya Kihindi.

Dawa yenyewe ni ya Ayurveda, tiba ya India yenye zaidi ya miaka 2,000. Mawe wanayaita ashmari. Kitabu chao cha kale, Sushruta Samhita, kinaeleza hadi vile ya kupasua mtu kutoa jiwe la kibofu, lakini kinasema kisu ni cha mwisho, dawa zikishindwa.

Dawa zenyewe? Kuna pashanabheda, jina linalomaanisha kitu cha kuvunja mawe. Kuna maganda ya mti wa varuna, na maji ya kulthi, nafaka ndogo za jamii ya kunde. Halafu kuna gokshura, na hii unaijua: ni mbigili, ile miba hutoboa patipati.

Je, zinafanya? Nyingi hutumika kukufanya ukojoe zaidi. Lakini utafiti kwa binadamu ni kidogo, na mawe mengi ya chini ya milimita tano hutoka yenyewe, ndani ya wiki kadhaa. So ukikunywa kulthi wiki tatu jiwe litoke, huwezi jua ni kulthi, ni maji, ama lilikuwa linatoka tu.

Maji ndio haina ubishi. Kunywa hadi ukojoe kama lita 2.5 kwa siku, na upunguze chumvi.

Noma iko kwa vidonge na unga. Dawa zingine za Ayurveda huwekwa madini makusudi. Watafiti Marekani walipima dawa 193 zilizouzwa kwa intaneti, na majibu ya 2008 yalionyesha karibu moja kwa kila tano ilikuwa na risasi, zebaki ama aseniki. Risasi, manze, huharibu figo hiyo hiyo unajaribu kuokoa. Kama lazima ujaribu, afadhali kulthi ya kuchemsha jikoni kuliko kopo halina lebo, na umwambie daktari.

Ukishikwa na homa, kutetemeka, kutapika bila kuacha, ama mkojo ukatike, weka mitishamba chini uende hospitali saa hiyo hiyo. Pia kama uko na mimba ama figo moja, usingoje. Jiwe likiziba njia na kuwe na maambukizi, sumu huingia kwa damu haraka sana.

Na uchungu ukiisha usisherehekee bado. Jiwe linaweza kwama kimya likiua figo polepole. Kojoa kwa kitambaa ulishike, upeleke maabara, na urudi upigwe picha ingine.