Kuteleza si kuanguka: Siri ya kudumu katika lishe bora na mazoezi

KILA Januari, Wakenya wengi hurejea mijini kutoka mashambani wakiwa na ahadi moja moyoni. Krismasi imepita na chapati zake, nyama choma na soda. Suruali inabana kiunoni na ngazi za ofisini zinatweta mtu. Baadhi hujiandikisha katika kumbi za mazoezi. Wengine hununua raba, na wapo wanaoapa kutoonja sukari tena maishani.

Kisha karo na kodi ya nyumba hubisha hodi. Kufikia katikati ya Februari, raba zimesukumwa chini ya kitanda, sukari imerudi kwenye chai, na mwenyewe amejihukumu kuwa mtu asiye na msimamo.

Hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Wengi hawashindwi kwa uvivu, bali kwa kuanza na mzigo mkubwa kupita kiasi na kudhani kuwa siku moja ya kukosea imeharibu kila kitu.

Jambo lenyewe si la urembo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibainisha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliozidi kiwango kifaacho. Miongoni mwa wanawake idadi hiyo ilikuwa asilimia 38.5, na wanaume asilimia 17.5. Aidha, asilimia 94 ya watu wazima hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiasi kinachopendekezwa. Uzani wa ziada humweka mtu katika hatari ya kisukari, shinikizo la damu, kiharusi na maradhi ya moyo.

Kujua uzani ufaao

Njia rahisi ya kujipima ni kugawanya uzani kwa kilo na kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mathalan, mtu mwenye kilo 82 na kimo cha mita 1.68 hupata takriban 29. Kiwango kifaacho kwa mtu mzima ni kati ya 18.5 na 24.9. Kuanzia 25 uzani umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Hata hivyo, mtu huyo halazimiki kupunguza kilo zote za ziada ndipo aone manufaa. Akipunguza asilimia tano pekee, yaani kilo nne hivi, shinikizo la damu na kiwango cha sukari mwilini huweza kuanza kupata nafuu. Lengo la kilo nne linafikika. Lile la kurudia umbo la ujanani ndilo huwavunja wengi moyo.

Vikwazo vya kila siku

Mfanyakazi anayeishi Rongai, Kitengela au Juja na kuajiriwa katikati mwa jiji la Nairobi huamka kabla ya jogoo kuwika. Hunywa chai ya haraka kwa mandazi, hukaa garini katika msongamano, hukaa ofisini kutwa na kukaa garini tena akirejea. Afikapo nyumbani giza limeingia, na kukimbia barabarani saa hizo kunaweza kumponza. Njiani chipsi zinanukia, nazo hazihitaji kuchambuliwa wala kuchemshwa kwa saa mbili kama maharagwe.

Kikwazo kingine ni macho ya watu. Katika jamii nyingi nchini, kitambi kilihesabiwa kuwa ishara ya neema, na bibi harusi aliyenona alikuwa fahari ya ukoo. Tangu Ukimwi ulipoenea miaka ya tisini, aliyekonda hutazamwa kwa shaka na kuulizwa anaumwa nini. Kadhalika, mgeni anayekataa kuongezewa chakula huonekana kumdharau mwenyeji. Anayetaka kubadilisha mlo wake, basi, hupambana na tumbo lake na pia na heshima za watu.

Siku 66

Mazoea hujengwa kwa muda gani? Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana, na kulirudia kila siku katika hali ile ile. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2010, yalionyesha kuwa kwa wastani ilichukua siku 66 kabla ya tendo kufanyika lenyewe bila kushurutishwa. Kwa wepesi zaidi zilitosha siku 18. Kwa wengine ilikadiriwa kuwa zingehitajika 254. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji au kula tunda.

Aliyeanza siku ya Mwaka Mpya, basi, hufikia siku ya 66 katika juma la kwanza la Machi. Anayekata tamaa Februari huachia jembe shamba likikaribia kuisha.

Utafiti huo ulibaini jambo jingine la kufariji: kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiwango kikubwa ujenzi wa mazoea. Wahenga walikwisha kusema kuwa kuteleza si kuanguka.

Sahani ya Mkenya

Habari njema ni kwamba chakula bora si cha kigeni wala cha matajiri. Githeri, ndengu, omena, nduma, viazi vitamu, uji wa wimbi, managu, terere na kunde vimo sokoni na kwa mama mboga. Tatizo huwa vipimo. Kwa kawaida ugali hujaza sahani na mboga hupewa pembe. Wataalamu wa lishe hushauri kinyume: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, wali au chapati, na robo iliyosalia iwe maharagwe, samaki, mayai au nyama.

Mafuta nayo yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kwa kukisia, kwani kijiko kimoja kikubwa kina takriban kilokalori 120. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile iliyomo katika vyakula vya madukani. Sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi, na chupa moja ya soda ya nusu lita huweza kumaliza kiasi hicho chote.

Utingo na dereva

Mnamo 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Madereva walikaa kutwa. Utingo walipanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli. Ilibainika kuwa utingo hawakupatwa na maradhi ya moyo kwa wingi kama madereva, ijapokuwa hakuna aliyekuwa amekanyaga ukumbi wa mazoezi kwa sababu hiyo.

Hii leo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, kama vile kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku mbili. Mwongozo wa 2010 ulitaka mazoezi hayo yafanywe kwa vipindi visivyopungua dakika 10, lakini ule wa 2020 uliondoa sharti hilo. Kila dakika sasa inahesabiwa. Kushuka garini kituo kimoja kabla ya kile cha kazini, kupanda ngazi badala ya lifti na kuchota maji ni mazoezi.

Ili tendo lidumu, lifungamanishwe na jambo linalofanyika tayari kila siku: tunda baada ya chakula cha mchana, matembezi mara baada ya ibada ya Jumapili. Lianze moja, likishakolea, liongezwe la pili. Mwenye kisukari, maradhi ya moyo au anayetumia dawa za shinikizo la damu amwone daktari kwanza, na asiache dawa kwa sababu tu amepungua.

Harusi zitakuja, matanga yatakuja, na Krismasi nyingine itakuja. Mtu atakula chapati tatu na kuteleza. Muhimu ni mlo utakaofuata urudi katika utaratibu wake, na raba zitoke tena chini ya kitanda, hata ikiwa ni mwezi wa Juni.