Kuzama, Kupaliwa na Kufa Maji

Mto Ewaso Nyiro huweza kufurika Archer's Post siku ambayo Isiolo haijaona tone: mvua imenyesha huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua. Mchungaji anavuka na mbuzi wake, maji ya matope yanamsomba, wenzake wanamvuta ng'amboni akikohoa povu. Tusemeje? Kufa maji, hakufa.

Mwaka 2002, kongamano la dunia kuhusu kuzama lililofanyika Amsterdam lilikubaliana kwamba kuzama ni mchakato wa kupata shida ya kupumua kwa sababu ya kufunikwa na majimaji. Mtu anaweza kufa, kubaki na madhara, au kupona kabisa. Vyote vitatu ni kuzama. Shirika la Afya Duniani likaifuata fasili hiyo, na misemo kama "kuzama kukavu", yaani bila maji kuingia mapafuni, ikaachwa na wataalamu.

Kiswahili kikasema "kuzama", basi yakaisha. Lakini jua nalo huzama, na merikebu pia. Neno linaeleza kwenda chini, halisemi lolote kuhusu pumzi. Neno la pumzi tunalo, tena la kila siku: kupaliwa. Aliyepaliwa na chai anajua maji yamepita njia isiyo yake. Yakifika mapafuni, hata kidogo, yawe ya mto au ya bahari, huharibu utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Vikinywea, damu hupita bila kuchukua oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana aliyeokolewa akiwa anaongea vizuri huweza kuzidiwa saa chache baadaye, na kikohozi chake kinahitaji daktari.

Kwa hiyo ningegawa hivi: kuzama ni tukio, kupaliwa ni jeraha la mapafu, kufa maji ni tokeo moja tu.

Methali ya mfa maji asiyeacha kutapatapa nayo inapotosha kidogo. Wengi huzama kimya, kwa kuwa asiye na pumzi hana sauti. Hatari zaidi ni mchezo wa kushindana kukaa chini ya maji, hata katika dimbwi safi kama la chemchemi ya Buffalo Springs. Anayehema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi hupunguza kabonidioksaidi, ile inayoushtua mwili utafute hewa. Oksijeni humwishia kabla hajahisi haja ya kupumua, akazimia bila kutapatapa hata kidogo.

Akitolewa hapumui, asibinywe tumbo wala kuning'inizwa miguu juu. Apuliziwe pumzi kwanza, kisha kifua kikandamizwe.